Neno "Right" Katika Nchi ya Uchina

Watu wengi hudhani ya kuwa kufasiri ni kazi nyepesi: mtu huchukua neno la lugha moja, hutafuta mwenzake katika lugha ya pili, kisha huliweka mahali pake, kama mwashi aondoaye tofali bovu akatia tofali zima. Lakini walioifanya kazi hiyo wajua ya kuwa sivyo. Maneno ya lugha mbili hayalingani kama matofali ya kalibu moja. Pengine neno moja hubeba mizigo minne, na lugha nyingine huigawanya mizigo hiyo kwa wachukuzi wanne mbalimbali. Katika habari hii twataka kueleza neno moja dogo la Kiingereza, ambalo watoto hulipata mapema darasani, na jinsi lilivyowasumbua Wachina waliojifunza Kiingereza. Kwani ndani ya mashaka ya neno hilo mna historia ya taifa kubwa, tena mna fundisho kwetu sisi tusemao Kiswahili.

Neno lenyewe ni "right", nalo hutamkwa kama "rait". Mwanafunzi akilifungua katika kamusi hukuta maana nyingi, lakini zilizo kubwa ni nne. Kwanza, ni mkono wa kuume, yaani mkono wa kulia. Pili, ni jambo lililo sahihi: hesabu ikitoka vema, mwalimu wa Kiingereza husema ni "right". Tatu, ni kitu kilichonyoka. Ndiyo maana katika hesabu za maumbo pembe mraba huitwa kwa neno hilo hilo. Nne, ni haki, yaani kitu kimpasacho mtu, ambacho mwingine hana ruhusa kumnyang'anya. Wataalamu wa lugha watuambia ya kuwa shina la maana hizi ni kunyoka. Lililonyoka ni sahihi. Mkono uhesabiwao kuwa ndio ufaao kwa kazi ukapewa jina hilo. Na lile limpasalo mtu kwa unyofu likaitwa hivyo pia. Hata Wafaransa, katika neno lao "droit", wameyaunganisha mambo haya karibu vile vile.

Sisi hatukuyaunganisha. Twasema kuume, twasema sahihi, twasema nyofu, twasema haki, na hakuna kati yetu atakayesema "mkono wa haki" akimaanisha mkono wa kulia. Kadhalika Wachina. Mkono wa kulia kwao huitwa "you". Jambo lililo sahihi huitwa "dui". Kitu kilichonyoka huitwa "zhi". Mwanafunzi wa Kichina hana budi kujifunza ya kuwa vitu hivi, ambavyo kwake havina udugu, kwa Mwingereza ni watoto wa nyumba moja.

Hata katika maana ile iliyo rahisi kuliko zote palikuwa na tofauti ya kumstaajabisha. Waingereza huuheshimu upande wa kuume, kama sisi tufanyavyo. Lakini katika serikali ya Uchina, zamani za enzi za Ming na Qing, upande wa kushoto ndio uliokuwa wa heshima zaidi. Wizara ilipokuwa na manaibu wawili, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, yule wa kushoto ndiye aliyekuwa mkubwa.

Lakini mambo hayo mwalimu mwenye saburi aweza kuyaeleza kwa siku chache. Taabu iliyodumu miaka mingi ilikuwa katika ile maana ya nne, yaani haki. Tusidhani ya kuwa Wachina walikuwa watu wasiojua haki. Walikuwa na maneno ya kale ya wema, na ya wajibu, na ya fungu la mtu. Walikuwa na mahakimu na vitabu vya sheria, na mwananchi aliyeonewa aliweza kupeleka mashtaka yake. Lakini hawakuwa na neno moja lililo sawasawa na lile la Kiingereza, neno ambalo kwalo mtu mmoja, au taifa moja, husimama na kusema, "Jambo hili ni langu kwa sheria, nawe huwezi kulikataa." Basi, walipolihitaji ilikuwa ni wakati wa hatari.

Mwaka wa 1839 Kaisari wa Uchina alimtuma ofisa mkuu jina lake Lin Zexu kwenda Canton, ili akomeshe biashara ya afyuni iliyoletwa na wafanyi biashara wa Kiingereza. Lin alikamata masanduku zaidi ya 20,000 ya afyuni akayaharibu. Lakini alikuwa mtu wa busara, akataka kujua mataifa ya Ulaya yenyewe yasemaje juu ya mambo kama haya. Palikuwa Canton mganga wa misioni, Mmarekani, jina lake Peter Parker, aliyefungua hospitali ya macho katika mwaka wa 1835. Lin akamwomba afasiri maneno machache kutoka katika kitabu cha Vattel, mwanasheria wa Uswisi, kilichotolewa mwaka wa 1758, kihusucho sheria baina ya mataifa. Mchina mmoja aliyejua Kiingereza, Yuan Dehui, naye alifasiri sehemu hizo. Maneno waliyoyafasiri yalihusu uwezo wa nchi kukataza bidhaa zisiingie kwake, na kuzinyang'anya zikiingia kwa siri, na kupigana vita.

Basi, Lin alitaka kujua haki ya nchi yake kwa maneno ya wale wale waliokuwa wakishindana naye. Lakini maneno hayakuzuia mizinga. Vita vikatokea, Uchina ikashindwa, na katika mwaka wa 1842 ikatia sahihi mkataba wa Nanjing, ikatoa kisiwa cha Hong Kong na kufungua bandari tano. Vita vya pili vikafuata, na mkataba wa Tianjin ukaandikwa mwaka wa 1858. Katika mkataba ule na Waingereza palikuwa na sharti moja ambalo twaomba msomaji aliangalie sana: kama maneno ya Kiingereza na maneno ya Kichina ya mkataba yakihitilafiana, maneno ya Kiingereza ndiyo yatakayohesabiwa kuwa ya kweli.

Fikirini maana yake. Nchi yenye watu mamilioni mengi, na vitabu vya maelfu ya miaka, ilikubali kwamba mashauri yake na Waingereza yataamuliwa kwa lugha ambayo karibu hakuna mtu katika serikali yake aliyeijua. Tangu siku ile, kutojua maana ya neno la Kiingereza hakukuwa tena aibu ya darasani tu. Kuliweza kuwa hasara ya nchi. Ndiyo sababu katika mwaka wa 1862 serikali ilifungua shule ya lugha katika mji wa Peking, iliyoitwa Tongwen Guan. Ilianza na wanafunzi kumi, na mwalimu wake wa kwanza wa Kiingereza alikuwa mmisionari, John Burdon, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Hong Kong.

Wakati ule ule alikuwako Mmarekani mwingine, William Martin, mmisionari aliyefika Uchina katika mwaka wa 1850. Yeye alianza kufasiri kitabu cha sheria ya mataifa kilichotungwa na Henry Wheaton, mwanasheria wa Marekani. Baraza la mambo ya nchi za nje, ambalo mkuu wake alikuwa ami wa Kaisari aitwaye Gong, lilimpa wasomi wanne wa Kichina wamsaidie, ili maneno yawe ya Kichina safi.

Kabla wino haujakauka, kitabu kilionyesha faida yake. Katika mwaka wa 1864 Prussia na Denmark zilikuwa zikipigana huko Ulaya. Balozi wa Prussia, alipofika Uchina kwa manowari, alikamata merikebu tatu za Denmark karibu na Dagu, katika bahari iliyo mlangoni mwa Tianjin. Baraza lile lilifungua tafsiri ya Martin, likaona ya kuwa bahari iliyo karibu na pwani ni mali ya nchi yenye pwani, wala wageni hawana ruhusa kupigania humo vita vyao. Wakamwambia balozi hivyo, kwa sheria ya watu wa Ulaya wenyewe, nao wakakataa kushauriana naye mpaka amerudisha alivyovitwaa. Balozi akaziachilia merikebu, tena akalipa fidia ya dola 1,500. Ndipo serikali ikakubali kusaidia kitabu kipigwe chapa, na nakala 300 zikatolewa zipelekwe kwa maofisa wa majimbo.

Sasa twaja kwenye neno letu. Katika kitabu cha Wheaton neno "right" lilikuwa karibu katika kila ukurasa. Martin na wasaidizi wake walilifasiri kwa neno "quan", na pengine kwa maneno mawili pamoja, "quanli". Hapa yatupasa kueleza maana ya maneno haya mawili. "Quan" asili yake ni jiwe la mizani, lile lipimalo uzito. Kisha likawa na maana ya nguvu ya kuamua, yaani mamlaka. "Li" huandikwa kwa alama mbili, moja ya nafaka na moja ya kisu, na maana yake ni faida, kama mavuno ya mtu. Basi "quanli" kwa masikio ya Mchina wa kale ilikuwa ni mamlaka na faida. Tena haikuwa na sifa njema. Xunzi, mwanachuoni mkuu aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya Kristo, aliyataja maneno hayo mawili pamoja alipofundisha ya kuwa mtu mwema hageuzwi na mamlaka wala faida.

Tazameni jambo hili lilivyogeuka! Neno ambalo wazee walilitaja kama kishawishi cha kumpotosha mtu, sasa limefanywa jina la kile kimpasacho mtu kwa haki. Martin mwenyewe aliujua upungufu huo. Katika tafsiri ya kitabu kingine cha sheria, miaka kumi na mitatu hivi baadaye, ilielezwa katika dibaji ya kwamba neno "quan" humo si mamlaka ya maofisa tu, bali pia ni fungu limpasalo mtu wa kawaida. Na ya kuwa maneno haya, ingawa huonekana mageni mwanzoni, yametumika kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Mfasiri aliye mwaminifu hawezi kusema zaidi ya hayo.

Kitabu kile kilivuka bahari kikapigwa chapa upya huko Japani katika mwaka wa 1865. Wajapani nao walikuwa wakitafuta neno. Mwandishi wao mashuhuri, Fukuzawa Yukichi, alijaribu maneno mengine, lakini lile la Martin ndilo lililoshinda katika vitabu vya sheria, ila kwa matamshi ya Kijapani likawa "kenri". Uchina iliposhindwa na Japani katika vita vya 1894 na 1895, vijana wa Kichina walianza kwenda huko kusoma; wa kwanza waliotumwa na serikali walikuwa kumi na watatu, katika mwaka wa 1896. Wakarudi na neno lile, limekwisha kuzoewa, kama mtu arudiye kwao amevaa nguo za ugenini.

Katika mwaka wa 1902 Liang Qichao, mwandishi aliyekimbilia Japani kwa kuwa alitaka serikali ya Uchina itengenezwe upya, aliwaandikia Wachina wenzake makala juu ya kuwaza habari za haki, akitumia neno "quanli". Aliwahimiza wasinyamaze wanaponyang'anywa, kwa kuwa mtu aachaye haki yake huidhuru nchi nzima. Maneno yake yalisomwa na vijana wengi, yakawaka kama moto katika majani makavu.

Lakini alikuwako mmoja aliyesikitika. Huyu alikuwa Yan Fu, mtu wa Fujian, aliyesoma tangu utoto katika shule ya wanamaji huko Fuzhou, akafundishwa kwa Kiingereza, kisha akapelekwa Uingereza katika mwaka wa 1877 kusoma katika chuo cha wanamaji cha Greenwich. Aliporudi akawa mfasiri mkuu wa zamani zake, akafasiri vitabu vya Huxley, na Adam Smith, na Mill. Alikuwa mwangalifu sana. Yeye mwenyewe alieleza ya kuwa kuliweka jina moja tu kuliweza kumchukua siku kumi, au hata mwezi.

Katika mwaka ule ule wa 1902 Yan Fu alimwandikia Liang barua juu ya neno hili. Hoja yake ilikuwa kwamba "right" si mamlaka wala si faida, na ya kuwa kulifasiri kwa "quanli" ni kuligeuza jambo lililo bora kuwa jambo la mabavu. Alitaka badala yake neno "zhi", yaani unyofu. Naye alitoa sababu mbili. Ya kwanza aliipata katika vitabu vya Wachina wenyewe, kwani katika mashairi yao ya kale kabisa "zhi" hutumika kwa maana ya mahali pampasapo mtu, ambapo apata lililo lake. Ya pili aliipata katika Kiingereza: mstari ulionyoka na pembe mraba huitwa kwa neno "right", na Wachina huviita vitu hivyo hivyo kwa neno "zhi". Basi, huyu mwanafunzi wa Kiingereza alikuwa ameligundua shina la neno, pale ambapo wengi waliona matawi tu. Alikuwa ameona ya kuwa mzee mmoja wa Kichina na mzee mmoja wa Kiingereza, wasiojuana kabisa, wote wawili waliutazama uzi ulionyoka wakaufananisha na haki.

Je, shauri lake lilifuatwa? La, halikufuatwa. Neno la Martin lilikuwa limekwisha kuenea, na neno likishazoewa na vinywa vya watu halirudishwi kwa barua ya msomi mmoja. "Zhi" ilibaki katika pembe mraba, nayo imo humo hata leo, lakini haki kwa Kichina huitwa "quanli".

Wengine wasema ya kuwa haikudhuru. Husema ya kuwa Uchina wakati ule ilikuwa dhaifu, imenyang'anywa mengi, na neno lenye harufu ya mamlaka na faida lilifaa kuwaamsha watu. Kweli, liliwaamsha. Watu wa majimbo walidai reli na migodi yao waliyopewa wageni, na katika mwaka wa 1905 Uchina ilinunua tena ruhusa ya kujenga reli ya kutoka Canton mpaka Hankou, iliyokuwa mkononi mwa kampuni ya Kimarekani, kwa dola 6,750,000. Na ile desturi ya Waingereza na Wamarekani kutohukumiwa na mahakama za Kichina ndani ya Uchina ilikomeshwa kwa mikataba ya mwaka wa 1943, miaka 101 baada ya ule wa Nanjing.

Lakini sisi twaona ya kuwa hofu ya Yan Fu haikuwa ya bure. Ikiwa haki ni mamlaka na faida, basi aliye na mamlaka ndiye mwenye haki nyingi, na mnyonge hana chochote. Taifa laweza kudai haki zake kwa mataifa mengine, na huku likamsahau mkulima wake mwenyewe. Yatupasa kukubali ya kuwa neno peke yake haliwafanyi watu kuwa wema wala wabaya. Lakini neno ni kama mlango wa nyumba: ukijengwa mfupi, kila aingiaye huinama.

Iko habari moja zaidi ya kufurahisha. Baada ya vita vikuu vya pili, mataifa yalikutana kuandika Tangazo la Haki za Binadamu, lililokubaliwa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948. Makamu wa mwenyekiti wa tume ile alikuwa Mchina, Zhang Pengchun, aliyejulikana kwa Wazungu kama P. C. Chang. Yeye aliona ya kuwa haitoshi kusema mtu ana akili tu. Akaleta wazo la kale la Wachina liitwalo "ren", ambalo huandikwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili, yaani mtu kumfikiri mwenziwe. Kiingereza hakikuwa na neno la kulitosha. Wakatia neno lenye maana ya dhamiri, nalo limo katika sharti la kwanza la Tangazo lile. Basi, safari hii Waingereza ndio waliopungukiwa na neno, na Mchina ndiye aliyekuja na mzigo usioenea katika chombo cha wengine.

Na sisi je? Neno letu "haki" tulilipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kweli na ya kile kimpasacho mtu. Kwetu limekaa katika baraza la wazee, na katika soko, na katika kanisa, ambapo mtu mwema huitwa mwenye haki. Twasema "haki yake" kwa maana ya fungu lake, na twasema "mtu wa haki" kwa maana ya mtu mnyofu. Kile ambacho Yan Fu alikitafuta usiku na mchana, yaani neno moja lishikalo unyofu na fungu la mtu pamoja, sisi tumekikuta nyumbani. Tena methali yetu husema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapo mamlaka yako upande mmoja, na haki iko upande wa pili, mkononi mwa yule asiye na nguvu hata kidogo.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu, hasa walimu na wale wanaofasiri barua na amri kwa ajili ya jirani zao, wasiyadharau maneno madogo. Mwanafunzi akiuliza maana ya "right", asijibiwe kwa neno moja upesi upesi. Aulizwe kwanza ameliona wapi, nalo limesimama karibu na maneno gani. Na neno "haki" tulitunze lisichakae vinywani mwetu, likawa jina la kujitakia makuu tu. Kwa maana wako watu waliolikosa neno kama hilo, wakapata hasara kubwa kabla hawajalipata.